Kusoma uzamili wa utawala wa umma huku uko kazini: hatua kwa hatua

Kila ifikapo Julai na Agosti simu yangu hujaa maswali yaleyale. Mtendaji wa kata anauliza kama GPA yake, yaani wastani wa alama zake za shahada ya kwanza, inatosha. Muuguzi aliyekabidhiwa kituo cha afya anauliza atasoma saa ngapi na zamu za usiku zinamsubiri. Dada wa uhasibu wa halmashauri anauliza kama mwajiri akikataa kumlipia ndiyo basi tena. Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja. Sasa nayaweka yote hapa, ili anayeanza aanze na kitu mkononi.

Mimi ni afisa mipango. Nilisoma uzamili jioni, nikitoka kazini naenda darasani, na masomo ya miaka miwili yalinichukua mitatu. Mwaka ule wa ziada ungeepukika, na sababu zake nitazitaja zikifika. Niliyoyaandika yanahusu Tanzania Bara, hasa watumishi wa umma, ila mtu wa shirika binafsi naye atapata lake.

Jambo moja lishike tangu sasa: masomo haya hayawaangushi watu darasani. Wengi niliosoma nao walifaulu kozi zote, wengine kwa alama nzuri kuliko zangu, kisha wakakwama kwenye tasnifu, lile andiko la utafiti la mwisho. Darasa lina ratiba, lina mwalimu, lina wenzako wa kukupigia simu ukichelewa. Tasnifu haina mtu wa kukupigia simu. Ndiyo maana hatua ya 7 ni ndefu kuliko nyingine zote.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Cheti cha shahada ya kwanza na transkripti yake, vyeti vya kidato cha nne na cha sita (au stashahada), cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa.
- GPA isiyopungua 2.7 kwenye shahada ya kwanza. Ikiwa chini ya hapo, njia ya kawaida ni kusoma kwanza stashahada ya uzamili, ukifanya vizuri unaomba masta.
- Wadhamini wawili: mmoja aliyekufundisha, mwingine anayekusimamia kazini. Waombe kabla hujaandika majina yao kwenye fomu.
- Kompyuta mpakato yako mwenyewe. Ya ofisini itachukuliwa siku utakayoihitaji zaidi.
- Ada ya muhula wa kwanza ikiwa tayari benki, pamoja na fedha ya nauli na machapisho ya miezi mitatu.
- Saa 17 kwa wiki.
- Mtu wa nyumbani aliyekubali, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba kwa miaka miwili hutakuwa unaonekana jioni.

Kuhusu vyeti, vitandaze vyote mezani usiku mmoja usome majina herufi kwa herufi. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mussa, cha chuo kinasema Musa, kitambulisho cha taifa kina jina la babu ambalo halipo kokote kwingine. Tofauti ya herufi moja inaweza kusimamisha udahili wako. Kama ipo, muone wakili akuandalie kiapo, au hati ya kubadili jina isajiliwe ikibidi, mapema kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Na zile saa 17 sikuzitunga. Masta kwa viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ni krediti 180, na kila krediti huhesabiwa saa 10 za kujifunza, yaani kukaa darasani, kusoma, kufanya mazoezi na kuandika. Jumla ni saa 1,800. Zigawe kwa wiki 104 za miaka miwili, unapata saa 17 na dakika kidogo kila wiki, sikukuu zikiwemo. Kama ukiitazama wiki yako huoni zitakapotoka, ni heri uahirishe mwaka mmoja kuliko kulipa ada ya kozi utakazozirudia.

Hatua ya 1: Amua kama ni utawala au ni sera

Watu hulichanganya hili kisha wakajuta kati ya muhula. Utawala wa umma unakufundisha kuiendesha ofisi: rasilimali watu, bajeti, ununuzi, serikali za mitaa, maadili ya utumishi. Uzamili wa sera za umma unakufundisha kuuliza kama mpango unafanya kazi: takwimu, uchumi, tathmini, uchambuzi wa njia mbadala. Ukiwa afisa utumishi, katibu tawala au mtendaji, ule wa kwanza utakufaa kesho yake asubuhi. Ukiwa mchumi, afisa mipango, mtu wa ufuatiliaji na tathmini au wa shirika lisilo la kiserikali, angalia wa pili.

Kabla ya kuamua, nenda kwa afisa utumishi uombe kusoma muundo wa utumishi wa kada yako. Humo mmeandikwa fani zipi za uzamili zinatambuliwa kwa cheo unachokitazamia. Ni kurasa chache tu, nusu saa inatosha.

Hatua ya 2: Chagua chuo kwa ratiba na umbali

Jina la chuo ni zuri kwenye wasifu, lakini wewe utaishi na ratiba yake.

Chuo Kikuu Mzumbe kina historia ndefu kwenye fani hii. Kilianza mwaka 1953 kama shule ya kuwafunza machifu na watumishi wa serikali za mitaa, mwaka 1972 kikawa taasisi ya menejimenti ya maendeleo, mwaka 2001 kikawa chuo kikuu. Kwa mtu wa kazini, faida yake ni kwamba mbali na kampasi kuu Morogoro kina kampasi Dar es Salaam na Mbeya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sayansi ya siasa na utawala wa umma. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, kimekuwa karibu na watumishi wengi tangu wizara zihamie huko. Na kwa aliye Kibondo au Tunduru, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinafundisha kwa masafa na kina vituo mikoani.

Piga simu au fika ofisi ya masomo ya uzamili, uliza haya manne: vipindi vinaanza saa ngapi na siku zipi, mitihani hufanyika mwezi gani, mwanafunzi hupangiwa msimamizi lini, na wangapi wa kundi lililopita walihitimu kwa wakati. Swali la mwisho huwakera watu, uliza tu.

Swali la mitihani lina uzito kwa mtumishi wa halmashauri. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kuanzia Januari hadi Machi halmashauri zinaandaa bajeti, na kuanzia Aprili wizara zipo bungeni. Mtihani ukiangukia wiki ya kupitia bajeti, utajikuta saa 5 usiku bado uko ukumbini unarekebisha vifungu, na asubuhi una karatasi ya nadharia za utawala. Ratiba hizo mbili zilinganishe kabla hujalipa.

*Angalizo.* Hakikisha chuo na programu yenyewe vinatambuliwa na TCU. Ukishawishika na digrii ya mtandaoni kutoka nje ya nchi, uliza TCU kuhusu utambuzi wake kabla ya kutuma hata senti. Na cheti cha kozi fupi ya uongozi ya wiki mbili, hata kiwe na muhuri wa dhahabu, hakisimami mahali pa masta.

Hatua ya 3: Andika barua ya ruhusa mapema

Hapa ndipo nilipopoteza muhula wangu wa kwanza. Barua yangu ilikaa kwenye trei ya ofisi moja miezi mitano. Hakuna aliyeikataa, wala hakuna aliyeisoma. Nilikuwa nimeandika kwa ujumla mno, ikiomba "ruhusa ya masomo", basi kila aliyeishika alidhani naomba kuondoka kazini miaka miwili.

Andika hivi:

*YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA KUSOMA SHAHADA YA UZAMILI NJE YA MUDA WA KAZI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba ruhusa ya kusoma shahada ya uzamili ya utawala wa umma katika chuo tajwa kwenye viambatisho. Vipindi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa 11:00 jioni, hivyo havigusi muda wa kazi wa saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Gharama zote nitalipa mwenyewe. Siku za mitihani nitatumia likizo yangu ya mwaka.*

Kisha sentensi mbili za manufaa kwa ofisi, basi. Ambatisha ratiba ya chuo. Barua iende kwa mwajiri kupitia kwa mkuu wako wa idara, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ubaki nayo wewe. Baada ya siku 14 fuatilia kwa masijala, taja namba ya jalada, kwa adabu. Ukiona kimya, rudi tena baada ya siku 14 nyingine.

Kama unataka ofisi ikulipie, swali ni lingine kabisa: je, jina lako lipo kwenye mpango wa mafunzo wa ofisi? Kama halipo, omba liingizwe kwenye mpango wa mwaka unaofuata, wakati bajeti inaandaliwa. Kuomba Septemba fedha ambayo haikupangwa ni kujisumbua.

*Angalizo.* Usianze kimyakimya ukitegemea kuwa "bosi anajua". Bosi huyo akihamishwa, atakayekuja hajui, na siku ya kuwasilisha cheti kwenye jalada utaulizwa ulisoma kwa ruhusa ya nani.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya fedha yote

Ada ni sehemu tu ya gharama. Ongeza usajili, mitihani, kitambulisho, gharama ya usimamizi na usahihishaji wa tasnifu, nauli ya jioni siku tatu kwa wiki, intaneti, kuchapisha, safari ya kukusanya data, kujalidi nakala, na joho. Omba chuo kikupe jedwali la malipo la programu nzima, lisiwe la mwaka wa kwanza peke yake.

Halafu geukia karatasi yako ya mshahara. Mtumishi aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Sheria inataka makato yote yakubakishie angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa mwenye mshahara wa shilingi 1,200,000, theluthi ni 400,000. Ukishakopa benki fedha ya ujenzi, ya gari na ya ada, hapo hata ya dharura huwezi tena.

Mimi nakushauri ulipe kwa awamu kila muhula kutoka kwenye akiba, na kama ni lazima ukope, kopa kwenye saccos ya kazini kwa muhula mmoja mmoja. Niliwaona watu wakikopa ada ya miaka miwili kwa mpigo, fedha ikaingia nyumbani, bati likapauliwa, na muhula wa tatu wakazuiwa kufanya mtihani.

Hatua ya 5: Tuma maombi

Hii ni fupi. Dirisha kuu ni kwa mwaka wa masomo unaoanza Oktoba au Novemba, na vyuo vingine hufungua tena mara ya pili. Skani vyeti vizuri, kwa skana siyo kwa kupiga picha juu ya kitanda. Lipa kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo wa chuo, kamwe usilipe kwenye simu ya mtu. Hifadhi risiti zote kwenye barua pepe yako binafsi.

Wakitaka maelezo ya kwa nini unataka kusoma, usiandike kuhusu ndoto za utotoni. Eleza tatizo moja unalolikuta kazini kila wiki na unalotaka kulielewa.

Hatua ya 6: Ipange wiki, kisha soma kwa kutumia meza yako

Wiki yangu ilikuwa hivi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, darasani saa 11 jioni hadi saa 2 usiku: saa 9. Jumanne na Alhamisi, kusoma alfajiri saa 10 hadi saa 11 na nusu: saa 3. Jumamosi, maktaba saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana: saa 5. Jumla 17. Jumapili sikugusa kitabu, na mama watoto wangu ndiye aliyeisimamia kanuni hiyo kuliko mimi.

Alfajiri inashinda usiku. Ukitoka darasani saa 2, ukafika nyumbani saa 3 na nusu, hicho utakachosoma saa 4 usiku hutakikumbuka. Lala. Nauli ndefu nayo ni muda: anayepanda mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara ana dakika za kutosha kusikiliza mhadhara aliourekodi kwa ruhusa ya mwalimu, hata akiwa amesimama ameshika bomba.

Katika kozi zenyewe, una kitu ambacho aliyetoka moja kwa moja shahada ya kwanza hana. Mwalimu akifundisha ugatuaji, yeye anakariri kwamba mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa na mwaka 1982 zikarudishwa kwa Sheria Na. 7 na Na. 8. Wewe umekaa kikao cha baraza la madiwani ukaona nini hutokea maelekezo kutoka juu yanapogongana na vipaumbele vya kata. Akifundisha ununuzi, wewe umeuhama mfumo wa zamani ukaingia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, unajua zabuni inakwama wapi. Kila kazi ya nyumbani iandike kwa mfano wa kitu unachokifanya. Walimu wamechoka kusoma insha zilizonakiliwa.

Ila hapa mtego upo. Uzoefu wako ni mfano, haujawa ushahidi. Kosa la kwanza ninaloliona kwa watumishi wakongwe ni kuandika "kwa uzoefu wangu" ukurasa mzima bila chanzo hata kimoja. Weka sentensi mbili za uzoefu, kisha lete ripoti, sheria, makala ya utafiti. Kosa la pili ni kutumia nyaraka za siri za ofisi kama viambatisho. Usifanye hivyo hata kama una nakala kwenye simu yako.

Kumbuka pia kwamba kwenye uzamili, kwa vyuo vingi, kufaulu ni B. Ile C iliyokupitisha shahada ya kwanza hapa inakupa sapu, yaani mtihani wa marudio.

Hatua ya 7: Anza tasnifu wiki ya kwanza

Nunua daftari dogo wiki ile unayosajiliwa. Kila siku kazini ukikutana na jambo linalokufanya useme "hivi kwa nini huwa hivi?", liandike humo kwa mstari mmoja. Usiwaze nadharia. Baada ya miezi sita utakuwa na mistari arobaini, na mada yako imo humo.

Sasa tuichonge moja. Tuseme umeandika: "Vikundi havirudishi mikopo ya asilimia 10." Unajua chanzo chake: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Mwaka 2018 jambo hilo likaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Mwaka 2023 mikopo ikasitishwa ili utaratibu utazamwe upya, mwaka 2024 ikarudi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelieleza tatizo la marejesho mara kwa mara.

Jaribio la kwanza la wengi ni hili: *Mchango wa mikopo ya halmashauri katika maendeleo ya Tanzania.* Hiyo ni mada ya wizara nzima, huimalizi. Jaribio la pili: *Changamoto za urejeshaji wa mikopo ya vijana katika halmashauri fulani.* Afadhali, lakini "changamoto" ni gunia, utajaza chochote. Jaribio la tatu: *Kwa nini vikundi vya vijana vya bodaboda hurejesha mikopo ya asilimia 10 kwa kiwango tofauti na vikundi vya vijana vya ufugaji katika kata mbili za halmashauri ile?* Sasa una swali. Una makundi mawili ya kulinganisha, una mahali, una watu wa kuwahoji, na unajua daftari la kufungua kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii.

Kabla ya kuipenda mada, ipime kwa maswali matatu. Data ipo mikononi mwa nani? Ataitoa kwa kibali cha kawaida? Naweza kufika huko kwa siku zangu za likizo? Jibu la swali lolote likiwa "sina hakika", badili sasa.

Mwaka wangu wa ziada ulimalizikia hapo. Nilichagua mada iliyotegemea takwimu za taasisi moja. Niliandika pendekezo zuri, msimamizi akalisifu, nikapeleka barua. Nilizungushwa miezi saba, kila nikienda naambiwa mhusika yuko safari. Mwishowe nikaanza upya na mada ambayo data yake ilikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti changu. Ningeanza na hiyo, ningehitimu na wenzangu.

Jinsi ya kufanya kazi na msimamizi:

1. Mtumie kurasa 10, usimtumie 60. Kumi atazisoma wiki hii. Sitini ataziweka mpaka likizo.
2. Kwenye barua pepe andika maswali mawili mahususi unayotaka ayajibu.
3. Kila mkionana, usiku huohuo mwandikie dondoo za mlichokubaliana. Miezi mitatu baadaye akisema kinyume, mnayo ya kurejelea, bila ugomvi.
4. Panga siku ya kuonana inayofuata kabla hujainuka kwenye kiti.

*Angalizo.* Usimlipe mtu akuandikie, na usiiachie akili mnemba ikuandikie sura nzima. Vyuo hupima mfanano wa maandishi, na sasa wanaangalia hata hilo la pili. Mbali na kukamatwa, siku ya utetezi utaulizwa kwa nini ulichagua sampuli ile, na aliyeandika hayupo chumbani.

Hatua ya 8: Vibali na kukusanya data

Mnyororo wa barua ni huu: chuo kinakuandikia barua ya utambulisho kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anakupeleka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, au moja kwa moja kwa Mkurugenzi wa halmashauri, Mkurugenzi anakupeleka kwa Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kata kwa wa Kijiji au Mtaa. Kila ngazi inagonga muhuri. Tenga wiki nne mpaka sita. Kuwa mtumishi wa halmashauri hiyohiyo hakukuondolei mnyororo huu. Wewe hasa ndiye unayeuhitaji, maana utaulizwa ulikusanya kama mtafiti au kama afisa.

Na hilo ni la kweli. Ukienda kwa kikundi unachokisimamia, watakujibu wanavyomjibu bosi. Niliketi na akina mama wa kikundi kimoja chini ya mwembe, nikauliza swali la kwanza, wote wakamtazama mwenyekiti wao, naye akanijibu kwa maneno yaleyale yaliyo kwenye taarifa ya robo mwaka. Nikafunga karatasi. Wiki iliyofuata nikamtuma kijana aliyemaliza chuo, asiyejulikana pale, niliyemfundisha dodoso siku mbili. Yeye alirudi na majibu ya watu.

Jaribu dodoso kwa watu watano au sita kabla ya kazi yenyewe. Andika maswali kwa Kiswahili tangu mwanzo, hata kama tasnifu ni ya Kiingereza, kisha msomee jirani yako kwa sauti. Swali lenye "ushirikishwaji wa wadau katika mchakato" litamfanya mwananchi aitikie ndiyo tu. Uliza: "Mara ya mwisho mliitwa kwenye kikao lini? Mlizungumzia nini?"

Data ingiza jioni ileile uliyoikusanya. Nakala moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja mtandaoni.

Hatua ya 9: Andika, tetea, kabidhi

Anza na sura ya matokeo, ndiyo unayoijua kuliko mtu yeyote. Kurasa mbili kila Jumamosi zinatosha. Mapendekezo yawe kitu ambacho mtu mwenye cheo fulani anaweza kukifanya mwaka huu wa fedha. "Serikali iongeze uelewa" hakuna wa kuitekeleza. Siku ya utetezi fanya mazoezi ya dakika zako mbele ya wenzako wawili wasiojua mada. Marekebisho ya watahini yafanye ndani ya wiki mbili, kichwa kikiwa bado kina moto. Nimewajua watu waliotetea vizuri wakakosa mahafali kwa marekebisho ya kurasa nne.

Cheti kikitoka, peleka nakala iliyothibitishwa kwa afisa utumishi na barua ya kuomba taarifa zako zihuishwe. Mshahara haupandi wenyewe kwa sababu ya masta. Kupandishwa cheo au kubadilishiwa kada hufuata muundo wa utumishi, nafasi na bajeti, na huombwa kwa maandishi.

Ukikwama

*Umehamishwa kituo katikati ya masomo.* Kama umemaliza kozi, hamia na tasnifu yako na mwombe msimamizi muonane kwa mtandao. Kama bado, uliza kuhusu kampasi iliyo karibu au andika barua ya kuahirisha, ukiambatisha barua ya uhamisho. Ukitoweka bila barua unahesabiwa umeacha, na hapo ndipo watu wanapodisko, yaani kuondolewa chuoni, bila kufeli hata somo moja.

*Una ujauzito na mitihani inakaribia.* Ahirisha kwa maandishi kabla ya mitihani, ukiwa na cheti cha daktari. Kuahirisha hakuandikwi kama kufeli. Usijipangie kuandika tasnifu ndani ya likizo ya uzazi. Mtoto hana ratiba.

*Takwimu zinakutisha.* Tafuta mwenzako darasani aliye mwalimu wa hisabati au mtakwimu, mfanye mazoezi pamoja kwa data ndogo kwenye Excel kabla ya kugusa SPSS, ile programu ya takwimu. Asilimia, wastani na jedwali la kulinganisha makundi mawili hubeba tasnifu nyingi nzuri.

*Kazi ya kikundi, na mmoja haonekani.* Gawaneni kwa maandishi siku ya kwanza, kila mtu na sehemu yake na tarehe. Asipoleta, mwambieni mwalimu kabla ya kukabidhi, siyo baada ya matokeo.

*Msimamizi hajibu.* Wiki mbili za kwanza, mkumbushe kwa barua pepe. Wiki ya tatu, mfuate ofisini mwake ukiwa na kurasa 10 zilizochapishwa. Mwezi ukipita, mwandikie mratibu wa uzamili, ukiorodhesha tarehe ulizotuma kazi, bila lawama. Mratibu anaweza kukupa msimamizi mwenza.

*Umekaa mwaka mzima hujaigusa tasnifu na unaona aibu kurudi.* Aibu hiyo niliionja. Fungua faili leo, usisahihishe chochote, soma tu mpaka mwisho. Kesho uliza ofisi ya uzamili umebakiwa na muda gani wa usajili na unadaiwa kiasi gani. Kisha mwandikie msimamizi mistari mitatu: uko wapi, utatuma kurasa zipi, tarehe gani. Usieleze mwaka ulivyopita. Kesho kutwa anza ukurasa wa kwanza kati ya zile kumi.